Kamio na Nguzo Zilizochipua

Sikuwahi kugombana na kamio yenyewe. Kamio ni chuma, na chuma hakimwahidi mtu kitu. Ugomvi wangu ulikuwa na wanaume walioizunguka, hasa yule mmoja aliyenioa, ambaye aliapa mbele ya mama yangu kwamba siku akipata lori lake mwenyewe atakuja nalo hadi Kabambare, ampakie mama na mkeka wake na kuku wake, amlete Kasongo akae nasi. Lori alilipata. Tuliliita kamio kama walivyoita wote wakati ule wa Wabelgiji, na kamio hiyo ilibeba mpunga, pamba, chumvi, vitenge, mawese, makatekista na mbuzi wao. Ilikwenda kila mahali palipokuwa na mzigo. Upande wa mama yangu, kwa maelezo ya mume wangu, hapakuwa na mzigo.

Mimi ni mtoto wa Kabambare, wa Wabangubangu. Kasongo nililetwa kwa miguu. Nilitembea nyuma ya shangazi yangu, yeye kabeba sufuria, mimi nimebeba heshima ya ukoo, ambayo ni nzito kuliko sufuria na haina mkono wa kushikia. Nilipofika walinikanda miguu iliyojaa malengelenge, wakaniimbia, wakanionyesha jiko lilipo. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa Kasongo, kwa sababu hakuna aliyeniuliza kama sivyo. Nilijifunza Kizimba cha wakwe zangu mpaka nikaweza kutukanwa bila mkalimani.

Mama alibaki nyuma. Baba alikuwa amekwisha kufa. Kaka zangu wawili walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila. Mmoja akafia huko, wa pili akaoa huko, na kwa mama mambo hayo mawili yalikuja kufanana. Macho yake yakaanza kuingia ukungu. Kila mpita njia aliyetoka Kabambare alituletea salamu ile ile, na aliitoa polepole kama mtu aliyekaririshwa: mama yako anauliza kama kamio bado iko na kazi.

Nilimwambia mume wangu aniache niende kwa miguu. Njia niliijua, nilikwisha kuipita. Alinitazama kama niliyemwomba ruhusa ya kuiba.

"Muke wa mutu wa kamio atembee na miguu?" alisema. "Watu watasema nini?"

Basi mimi, ambaye kabla ya kamio niliweza kwenda Kabambare, baada ya kamio sikuweza tena. Wenyewe waliita maendeleo.

Sitaki mdhanie mtu mbaya. Alikuwa mpole, hakunipiga, na alisoma kwa mapadri mpaka akapata ile karatasi ya ustaarabu ambayo Bulamatari, yaani Serikali, aliwapa Weusi waliojua kula kwa uma. Nyumbani tulikuwa na meza, kitambaa cha meza, na uma ambazo watoto walichimbia panzi. Mwaka ule hatimaye alinitajia wakati: pamba ikisha kusombwa, kabla mvua hazijaharibu njia, tutakwenda kumchukua mama. Nilifuma mkeka mpya. Nilitenga chumba cha pembeni, nikakipaka chokaa, nikapanga mafiga matatu madogo mlangoni ili mama aweze kujipikia uji wake bila kuniomba. Mama alikuwa mtu wa kujipikia.

Na injini ikafa.

Ilifia njiani, karibu na mto, na kamio ikarudi nyumbani ikisukumwa na nusu ya kijiji, mume wangu ndani akishika usukani na kutoa amri. Waliiingiza uani kwetu wakapita kando ya nyumba, wakaisimamisha pua yake ikilielekea jiko langu, hatua chache tu kutoka mlangoni. Ua wetu una mteremko, unashuka kutoka jikoni kwenda barabarani. Hilo lishikeni, kwa sababu wao hawakulishika.

Siku ya pili wakaanza kuja wa kutoa pole. Kwa wakwe zangu msiba wa mtu mkubwa hauachwi upite hivi hivi, na kamio ilikuwa mtu mkubwa kuliko wengi wao. Walikuja mashangazi, wajomba, binamu ambao sikuwaona hata nilipojifungua. Wakatandika mikeka karibu na magurudumu, wakashika tama. Mmoja aliuliza marehemu alianza kuugua lini. Mume wangu akaeleza kwa huzuni habari ya ule moshi mweusi, na wote wakatikisa kichwa, wakala ugali wangu na sombe yangu ya majani ya muhogo, wakalala. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wanasema. Mimi nilimpa shangazi mmoja jembe kweli, akalitumia kukunia mgongo.

Fundi alikuja baada ya wafiwa. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya ngozi asiyoivua hata kanisani, aliyewahi kufanya kazi katika gereji ya mfanyabiashara mmoja wa Kizungu. Alifungua boneti, akaingiza kichwa, akakaa humo muda mrefu.

"Motere imepasuka tumbo," alisema. "Hapa hakuna kutengeneza. Ni kutoa hii na kutia ingine."

Gereji ya yule Mzungu ilikuwa na winchi ya chuma ya kuinulia injini. Mume wangu alikwenda kuomba, amevaa tai. Akajibiwa kwa adabu kubwa kwamba winchi hushughulikia kwanza magari ya Wazungu, kisha ya misheni, kisha ya Serikali, na baada ya hapo wataona. Alirudi akavua tai, akasema kazi itafanyika hapa hapa nyumbani, maana mtu mstaarabu hutegemea nguvu zake. Nguvu zake maana yake zilikuwa ndugu zake, ambao hata hivyo walikuwa bado wapo wanakula.

Ilihitajika miti ya kusimika: minne kwa ajili ya kubeba boriti ambayo mnyororo ungefungwa juu yake, miwili kila upande wa pua ya kamio, na mitatu nyuma ya magurudumu, ili kamio isije ikateremka barabarani yenyewe injini ikivutwa. Fundi alisema itafutwe miti migumu ya msituni. Msitu ulikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Hapo baba mkubwa wa mume wangu, ndugu ya marehemu mkwe wangu na mkuu wa ukoo, aliyekaa ua wa jirani, akajitolea. Alikuwa na mstari wa ile miti yenye utomvu mweupe, ambayo zamani wazee walipondaponda gome lake likawa nguo. Miti iliyonyooka, minene kama paja, na iko pale pale. Wakaikata.

Mwanamke yeyote wa Maniema aliyewahi kujenga uzio anaujua mti huo. Ukichomeka kijiti chake ardhini wakati wa mvua, unarudi unakuta mti. Wanaume pia waliujua, hawakuwa wajinga. Nilipomtajia mume wangu alicheka, akasema mti hauwezi kuchipua kwa juma moja, na kazi hii ni ya juma moja. Kuhusu mti alisema kweli.

Kutoa injini kulikuwa kama harusi. Kila mwanaume aliamuru, katika Kizimba, Kiswahili, na Kifaransa kidogo kwa ajili ya heshima ya chuma. Boriti ilipinda, mnyororo ukalia, injini ikapanda taratibu ikichuruza mafuta meusi, halafu ikabembea na wote wakakimbia, na fundi akiwa wa kwanza. Ilipotulia walitafuta pa kuilaza. Wakaung'oa mlango wa jiko langu, wakamlaza marehemu juu yake. Tangu siku hiyo mbuzi waliingia jikoni kwangu bila hodi. Parafujo zilioshwa katika chungu changu cha mawese, zikaanikwa juu ya kitambaa cha meza, na watoto wakala chini kama zamani. Walifurahi sana kupumzishwa na ustaarabu.

Kisha tukasubiri injini nyingine. Mume wangu aliipata kwa mtu wa machimboni, imetolewa katika kamio iliyoanguka bondeni, na ikawa inakuja. Ilikuwa inakuja katika mvua za kwanza. Ilikuwa inakuja njia zilipokatika, ilikuwa inakuja nilipopanda mahindi na ilikuwa bado inakuja nilipoyavuna mabichi. Wapita njia nao waliendelea kuja na salamu zao. Mama sasa haendi mtoni peke yake. Mama anashika kamba aliyofungiwa kutoka mlangoni mpaka jikoni. Mama anauliza kama kamio bado iko na kazi. Niliwajibu kwamba kamio haina kazi hata kidogo, imepumzika kuliko sisi sote.

Asubuhi moja nilikwenda kumwaga maji ya kuoshea vyombo nikaona kitu cha kijani kwenye nguzo ya nyuma. Nikatazama ya pili. Zote saba zilikuwa zimetoa vichipukizi, laini, vyenye majani mawili mawili. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikujua bado kwamba kicheko kile kilikuwa changu peke yangu.

Baba mkubwa aliitwa. Alizunguka zile nguzo akigusa moja moja kwa fimbo yake mpaka kila mtu akaogopa. Kisha akatoa hukumu. Mti huo, wakwe zangu huupanda pale wanapowakaribisha wazee waliokufa, ukishika, mzee amekubali, ukinyauka, amekataa.

"Ndugu yangu alikufa hajapanda kamio," alisema. "Sasa amekuya kuketi karibu nayo. Hii miti hakuna mutu ya kuikata."

Walileta udongo mweupe wakapaka kila nguzo chini. Walichinja jogoo wangu, si wake. Usiku nilimuuliza mume wangu, yeye mtu wa karatasi na uma, kama anaamini kwamba baba yake ameacha makao ya milele ili aje akae nyuma ya gurudumu.

"Miye siamini," alisema. "Lakini wazee wanaamini. Na miye ninaamini wazee."

Nilitumaini Bulamatari angenisaidia, maana nilikuwa nimeishiwa na wa kutumainia. Ajenti kijana wa Serikali alikuja kukagua, kama walivyokuwa wakija kuchungulia vyoo na meza za wenye karatasi, wahakikishe ustaarabu haujavuja. Aliona kamio imezungukwa na majani na udongo mweupe chini. Mume wangu alitoka jasho. Halafu, bila kupepesa jicho, akasema kwa Kifaransa chake kizuri kwamba ni bustani, na chokaa ni ya kuzuia wadudu. Ajenti alifurahi. Alisema hajamwona Mwafrika mwingine mwenye wazo la kupamba mahali pa kuegeshea gari, akamsihi aitunze. Hivyo nguzo zile zikapata ulinzi wa mizimu na wa Ubelgiji kwa pamoja, jambo ambalo hata kanisa halikuwa nalo.

Injini ilifika mvua zikielekea kwisha. Gari lililoileta liliogopa tope, likaishusha mbali, na ikabebwa mabegani juu ya miti miwili mirefu, kama walivyobebwa Wazungu wa zamani kwenye tipoye, kile kiti cha mabegani. Waliimba njia nzima. Wanawake walitoka majumbani kupiga vigelegele. Nilisimama na mimi kando ya barabara nikaitazama ikipita juu ya vichwa vya watu, imefunikwa shuka isilowe, na nikakumbuka malengelenge yangu. Sikupiga kigelegele.

Waliitia kwa siku nyingi za kelele. Iliinuliwa katikati ya majani, maana boriti sasa ilikuwa na kivuli, na fundi alilalamika kwamba utomvu unamdondokea kwenye kofia. Lakini nitasema haki: waliitia, na ikaingia. Mume wangu akatia mbele manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia, akazungusha, akazungusha tena, na ile motere ikakohoa, ikatetemeka, ikanguruma. Watu walikumbatiana. Fundi alilia. Mimi nilikwenda chumbani nikautoa mkeka wa mama, nikaukung'uta vumbi.

Niliporudi walikuwa wamenyamaza, injini peke yake ikiongea. Mbele ya kamio palikuwa na jiko. Kulia na kushoto palikuwa na mizimu miwili miwili. Nyuma palikuwa na mizimu mitatu, imeshika mizizi barabara, na majani yake yalikuwa yakicheza kwa moshi.

Mnadhani walikata? Waliizoea. Kila jioni mume wangu alivaa shati safi, akaingia ndani ya kamio, akaiwasha ili damu yake isigande, kama alivyosema. Baba mkubwa alipanda upande wa pili na fimbo yake. Walikaa humo bega kwa bega wakitazama mlango wa jiko langu, ambao haukuwapo, na mimi ndani nikisonga ugali. Wakati mwingine mzee aliuliza kama hawaendi mbio sana. Ndugu wengine walikaa nyuma kwa zamu. Ilikuwa safari ndefu, na petroli ilikwisha kabla ya kufika mahali popote.

Kisha akaja mpita njia mwingine, mama mmoja muuza sombe, na yeye hakutoa salamu ile tuliyoizoea. Alivuta pumzi kwanza. Mama yangu alikuwa ameanguka. Kamba ilikatika akiwa katikati, akaangukia mafiga, akaungua mkono. Anapona, lakini hapiki tena. Na hakuuliza habari ya kamio safari hii. Hilo ndilo lililonichoma zaidi ya mkono ulioungua. Mama alikuwa ameacha kuuliza.

Nilimwambia mume wangu jioni hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameumia kweli. Alikwenda kwa baba mkubwa wakaongea, na kesho yake mzee akaja uani na ndugu wote kutoa suluhisho. Lilikuwa suluhisho zuri. Kamio haiwezi kwenda nyuma, basi iende mbele. Wabomoe jiko.

"Jiko haliko na muzimu," alieleza.

Sasa mjue kwamba kwa desturi yetu mke haongei uso kwa uso na baba mkwe. Humgeuzia kisogo, akiwa na neno huliambia kitu kingine, na mzee akitaka kusikia atasikia. Nilikuwa natwanga sombe. Miaka yote nilikuwa mkwe wa sifa, niliongea na sufuria, na kuku, na moto. Siku ile nilikiambia kinu, na nilitwanga kila neno.

"Weye kinu," nilisema, "umesikia jiko haliko na muzimu? Basi ile moto yote niliyopulizia ndani, na watoto nilioogeshea pale, na wafiwa wa motere niliowalisha, vilikuwa vya bure."

Mzee akamwambia jogoo mdogo aliyebaki kwamba wanawake hawajui mambo ya ukoo.

"Kinu," nikasema, "waambie hakuna mutu anayetaka kukata muti. Mutu anataka kuung'oa na udongo wake, kuupanda fasi ingine. Kama baba wa ukoo amekuya, kwa nini alale nyuma ya gurudumu? Ndugu yake mukubwa iko na uwanja mukubwa pale ng'ambo. Ampeleke kwake, amutunze."

Mzee alikohoa. Akamwambia jogoo, polepole, kwamba mti ulioshika uking'olewa utakufa, na ukifa wazee watauliza nani aliufanya hivyo.

Hapo hasira yangu ilinipanda mpaka mchi ukasimama.

"Kinu, na miye?" nilisema. "Miye walining'oa Kabambare na miguu yangu inatoka damu. Wakanipanda hapa mbele ya hili jiko. Hakuna aliyeuliza kama nitakufa. Nimechipuka watoto watano. Kama muke anahamishwa kila siku na haogopwi, ni muti gani huu wanaouogopa?"

Nilisikia mmoja wa mashangazi akiguna kwa ule mguno wa wanawake ambao si wa kukataa. Yeye pia alikuwa ametoka mbali. Mume wangu alitazama chini. Mzee hakumwambia jogoo tena. Aliwaambia wanawe walete majembe.

Waling'oa zile tatu za nyuma kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona ukitumika kwa binadamu. Walichimba mbali na mizizi, wakafunga udongo kwa magunia, wakazibeba watu wanne wanne, huku mzee akitembea mbele akimweleza ndugu yake kila kona ili asipotee. Wakazipanda uani kwake. Zile nne za pua tuliziacha. Jiko langu lilibaki, na mlango nikaurudisha mwenyewe, umelowa mafuta hata leo haushiki rangi.

Tukaenda Kabambare. Mume wangu aliendesha amevaa tai, na mimi mbele, na mkeka mpya magotini. Nilitazama miti, vijito, madaraja ya magogo, vyote vikipita haraka mno. Sikuona hata sehemu moja niliyowahi kupumzika.

Mama alisikia mngurumo akatoka akiwa amenyoosha mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umefungwa majani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Niliingia mikononi mwake nikalia kwa sauti, mimi mwanamke mzima mwenye meza na uma. Aliniachia nilie, kisha akaomba apelekwe kwenye kamio. Aliipapasa kuanzia taa mpaka bao la nyuma.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo hii, mama."

"Iko kubwa. Kweli ilikuwa na kazi."

Jioni nilimsimulia yote, ili acheke. Nilimweleza wafiwa, na ajenti na bustani yake, na baba mkubwa akiuliza kama hawaendi mbio sana. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akapangusa macho yale yasiyoona. Nilipofika kwenye kinu nilijisifu kidogo. Nilimtolea maneno yangu yote, na jinsi mzee alivyoshindwa. Hakucheka tena. Alinitafuta mkono.

Asubuhi nilifunga vitu vyake. Havikujaa kikapu. Nilipomshika begani tuondoke aliketi pale pale kwenye kizingiti.

"Mutoto wangu," alisema, "ulimwambia yule muzee kweli. Weye uling'olewa ungali mubichi, ukashika. Miye nimekauka. Ukining'oa sasa utaenda kupanda kuni."

Nilibembeleza. Nilimweleza chumba, chokaa, mafiga madogo mlangoni. Nilimtajia wajukuu mmoja mmoja. Aliyapokea yote, akasema mafiga ni wazo zuri. Mume wangu naye alipiga magoti mbele yake, na suruali ile ya karatasi ya ustaarabu, akamwomba msamaha kwamba alichelewa. Mama alimpapasa kichwa, akamwambia hakuchelewa sana. Binti ya jirani angemchotea maji. Kamba mpya ilikuwa imefungwa, nene kuliko ya kwanza. Mkeka aliuchukua.

Nilikuwa na watoto Kasongo, na mdogo, niliyemwachia mmoja wa mashangazi, alikuwa bado ananyonya. Nilipanda kamio. Nikakaa pale mbele, mahali palipobaki pana kwa sababu tulipapima kwa watu watatu, na nikamwomba Mungu wa mapadri, na nikawaomba wale wazee wa nguzo pia, ambao niliwahamisha bila kuwavunja hata jani. Sikuomba kitu kikubwa. Kamio ile iliyojua kufa, iliyojua kukohoa, iliyojua kukaa mvua nzima bila aibu, nilitaka ife leo, hapa, uani kwa mama yangu, na fundi awe mbali, na vipuri viwe vinakuja.

Mume wangu alizungusha manivela mara moja tu. Ikashika.

Mama alikuwa amesimama ameishika kamba, akitupungia mkono usioungua. Aliupunga kuelekea pale kamio iliposimama usiku kucha, na sisi tulikuwa tumekwisha kupita.